Darasa ni Watu, si Waya

Ni jambo la kawaida siku hizi katika visiwa vyetu kumkuta mtu amekaa pembeni ya baraza baada ya sala ya Isha, simu mkononi na vipokea sauti masikioni, naye hasikilizi taarabu wala matokeo ya mpira, bali anasoma. Mwalimu wake yuko mjini, au yuko Dar es Salaam, au yuko ng'ambo kabisa katika nchi ambayo mwanafunzi huyo hajapata kuiona. Wenzake wa darasa wametawanyika kama nyota. Somo likisha, hubonyeza kitufe kimoja, darasa zima likatoweka, naye akabaki na giza la uwanjani na mlio wa mawimbi.

Hatuandiki leo kwa nia ya kuyabeza masomo haya ya mtandaoni. Kinyume chake, tunayapokea kwa mikono miwili. Kwa mtu wa kisiwani neema hii ina uzito wa pekee. Aliyezaliwa Kojani, Fundo au Kisiwa Panza, akitaka kusoma zaidi ya pale skuli yake ilipoishia, ilimbidi avuke kwa mashua mpaka Pemba kubwa, apande meli mpaka Unguja, na pengine aendelee mpaka Bara. Kwa mama mwenye watoto wanne na mzazi mgonjwa ndani ya nyumba, safari hiyo haikuwa ngumu tu, haikuwapo kabisa. Taifa letu lilitambua haja hii mapema, ndipo Bunge likatunga sheria mwaka 1992 ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ili elimu imfuate mtu alipo badala ya mtu kuihama nyumba yake kuifuata elimu. Mtandao umeirahisisha kazi hiyo kwa kiasi ambacho waliotunga sheria ile wasingeweza kukikadiria.

Lakini neema isiyotunzwa haikawii kugeuka majuto. Hapo ndipo penye neno letu la leo.

Tunamjua mwalimu mmoja wa skuli ya msingi katika kisiwa kidogo upande wa Pemba. Hatutalitaja jina lake, wala hatutakitaja chuo alichojiandikisha, kwa kuwa shabaha yetu si kumshitaki mtu bali ni kuiangalia kasoro. Mwalimu huyu alitaka stashahada ili aweze kufundisha madarasa ya juu. Alilipa ada kwa fedha za mwani alioulima kwa mikono yake mwenyewe. Wiki za mwanzo alihudhuria bila ya kukosa. Darasani mlikuwa na majina yapata hamsini, yote yakiwa yamepangwa kwenye kioo cha simu kama makaburi yaliyoandikwa, kila jina na kamera yake iliyozimwa. Mhadhiri alisema kwa saa nzima na nusu, akauliza kama kuna swali, akangoja kidogo, akaaga. Hapana aliyejua sauti ya mwenziwe.

Likaja bamvua, na siku za bamvua mkulima wa mwani hana hiari. Maji yakitoka ni lazima ashuke pwani. Akakosa vipindi viwili. Aliporudi alikuta somo limempita, akaona haya kuuliza mbele ya majina hamsini asiyoyajua. Akakosa kipindi cha tatu, kisha cha nne. Wiki tano zikapita. Ujumbe wa kwanza aliopokea kutoka chuoni haukumuuliza kama ni mzima au ni mgonjwa. Ulimkumbusha deni la ada.

Tulipokutana naye dikoni akingoja mashua, alituambia hivi: "Ndugu, mimi sikuacha siku moja. Niliacha kidogo kidogo, na hapana aliyeniuliza."

Wazee wetu walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Msemo huu hutumiwa kumwonya mtu asikose mkutanoni. Lakini sisi tunausoma pia kwa upande wa pili, upande unaomhusu yule aliyekuwapo: pale ambapo mtu hutoweka na hapana anayetambua kwamba hayupo, basi tangu mwanzo pale hapakuwa na jamii. Palikuwa na orodha.

Tujiulize basi, darasa ni nini? Wengi wetu tulilijua darasa la kwanza katika maisha yetu si skuli ya serikali bali chuoni, juu ya mkeka, kabla jua halijawa kali. Mwalimu wa chuo alikuwa na watoto arubaini au hamsini, kila mmoja na pahala pake pa kusoma: huyu bado yumo katika alifu na be, yule amefika juzuu ya Amma, mwingine anakaribia kukhitimu. Mtu mmoja asingeweza kuwasomesha wote hao peke yake. Alikuwa na makhalifa wake, yaani wanafunzi waliotangulia, na kila khalifa alikabidhiwa watoto wachache aliowasikiliza, akawasahihisha na kuwajibika kwao. Kila mtoto alisoma kwa sauti, kwa hiyo hapana aliyeweza kuwapo na huku hayupo. Na mtoto asipofika, khalifa alitumwa nyumbani kwao kabla ya adhuhuri, akarudi na jawabu: ana homa, amekwenda shamba na babu yake, au amejificha mtini. Hatusifu bakora iliyokuwapo katika vyuo vile. Hiyo na ibaki ilikobaki. Tunachosifu ni kwamba hapana mtoto aliyepotea bila ya kutafutwa, na siku mmoja alipokhitimu, mtaa mzima ulikula sadaka.

Hiyo ndiyo maana ya jamii katika elimu: kujulikana, kutegemewa na kutafutwa. Mambo hayo matatu hayaletwi na waya, hata uwe mnene kiasi gani.

Wala tusidhani kwamba tatizo hili ni la visiwa vyetu kwa sababu ya unyonge wetu. Mwaka 2012, chuo mashuhuri cha MIT cha Marekani kiliufungulia ulimwengu mzima, bure, somo lake la saketi na elektroniki kwa njia ya mtandao. Walijiandikisha watu wapatao 155,000. Waliofika mwisho na kupata cheti walikuwa kama 7,000, yaani chini ya 5 katika kila 100. Ni kweli kwamba wengi miongoni mwao waliingia kwa kuchungulia tu, nasi hatuwalaumu. Hata hivyo, hapakukosekana mwalimu hodari, wala mitambo, wala fedha. Somo lilikuwa zuri na mlango ulikuwa wazi. Lakini mlango ulio wazi kwa kuingilia huwa wazi kwa kutokea vilevile, na anayetoka peke yake usiku hapana anayemwona.

Wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Canada, Garrison, Anderson na Archer, waliandika mwaka 2000 kwamba masomo ya namna hii husimama juu ya aina tatu za kuwapo. Kwanza ni kuwapo kwa fikra, yaani watu wanalijadili jambo hasa na kulifikisha mahali. Pili ni kuwapo kwa mwalimu, yaani kuna mtu anayepanga, anayeongoza na anayesahihisha. Tatu ni kuwapo kwa watu wenyewe, yaani kila mwanafunzi anaonekana mbele ya wenziwe kuwa ni mtu kamili mwenye jina, hali na tabia, si nambari ya usajili. Mwalimu wa chuo cha mtaani hakuyasoma maneno ya wataalamu hao, lakini aliyatenda yote matatu juu ya mkeka mmoja.

Pana wanaosema kwamba mambo haya yanawezekana mkekani tu, na kwamba masomo ya mbali kwa asili yake ni ya upweke. Historia yawakanusha. Mwaka 1973, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha Tanzania Bara kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Watu takriban milioni 2 walishiriki. Je, Taasisi ilitosheka kurusha matangazo na kuwaachia wananchi wasikilize kila mtu kwake? La. Kwanza iliwapa mafunzo viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000. Wananchi wakakusanyika katika vikundi vidogo vijijini mwao, redio moja katikati, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Redio ilisema na watu wote sauti moja, lakini kilichobakisha elimu ile ni yale mazungumzo yaliyofuata baada ya redio kuzimwa, na jembe lililoshikwa baada ya mazungumzo.

Hapa kwetu Zanzibar nako tunao ushahidi wetu. Tangu mwaka 2006 vilitayarishwa vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze kwa ajili ya watoto wadogo ambao skuli za maandalizi hazikuwafikia. Watoto hawakuachwa kila mmoja na redio yake. Walikusanywa pamoja, wakiwa na mlezi wa mtaani mwao, wakaimba pamoja na kujibu pamoja. Sauti ilitoka mbali, lakini wenzi walikuwa karibu.

Na kama mtu atasema kwamba sisi tuna bahari inayotutenga, basi na atazame Bahari ya Pasifiki. Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1968 na chenye makao yake Suva katika visiwa vya Fiji, ni mali ya nchi kumi na mbili zilizotapakaa juu ya bahari ambayo bahari yetu ya Pemba ni kijito mbele yake. Tangu miaka ya mwanzo ya 1970 hadi mwaka 1985 chuo hicho kilitumia setilaiti ya Wamarekani iliyoitwa ATS-1 kuwaunganisha wanafunzi wake. Setilaiti ile haikubeba picha za nyuso kama simu zetu za leo. Ilibeba sauti, na anayetaka kusema alingoja mwenziwe amalize. Lakini katika nchi zile palikuwa na vituo, na wanafunzi wa kisiwa kimoja walikaa chumba kimoja kuuzunguka mtambo. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na madarasa mawili: lile kubwa lililovuka bahari, na lile dogo la wenziwe aliowagusa bega. Setilaiti ilipokufa, vituo vilibaki.

Fundisho la mifano yote hii ni moja. Masomo ya mbali yaliyofanikiwa hayakujaribu kumfanya kila mtu asome peke yake kwa wepesi zaidi. Yalilitafutia kila darasa kubwa madarasa madogo ndani yake, na kila darasa dogo likapewa mtu wa kuliangalia.

Tunapenda sasa kusema wazi yale tunayoyaona kuwa yanafaa kutendwa.

Kwa walimu na vyuo tunasema: darasa la mtandaoni la watu hamsini ligawanywe tangu siku ya kwanza katika vikundi vya watu sita hadi wanane, na wanaokaa shehia au wilaya zinazopakana wawekwe pamoja. Wiki ya kwanza isiwe ya somo bali iwe ya kujuana: kila mmoja aseme kwa sauti yake jina lake, kazi yake, na jambo gani linaloweza kumzuia kuhudhuria. Kila kikundi kiwe na khalifa wake, na khalifa huyo atambuliwe rasmi na apewe chochote cha kumwezesha, walau fedha za kupigia simu. Mwanafunzi akikosa vipindi viwili mfululizo, apigiwe simu na mtu, si kutumiwa ujumbe na mtambo. Na katika kazi zinazotolewa, iwepo moja isiyoweza kukamilika mpaka wenzi washirikiane, kwa kuwa watu hawajuani kwa kuambiwa wajuane. Hujuana kwa kazi. Wavuvi wanaokwenda dago hutoka vijiji mbalimbali wasipate kuonana kabla, lakini baada ya siku tatu wamekuwa ndugu, kwa kuwa mmoja anapika, mmoja anashona nyavu, mmoja anaangalia chombo, na asipotenda mmoja hulala na njaa wote.

Ratiba nazo zitungwe na watu wanaoujua mwezi. Kalenda ya bamvua haina siri, huhesabika kabla. Haigharimu chochote kukiepusha kipindi na saa ambayo nusu ya wanafunzi wamo majini hadi kiunoni. Kadhalika tunaomba pasiwe na kulazimishana kufungua kamera. Wengi husomea katika chumba kimoja na watoto, na wapo wanawake wasiopenda nyumba yao ionekane. Aidha picha hula kifurushi cha intaneti kabla ya somo kumalizika. Wanafunzi wa Pasifiki walijenga umoja wao kwa sauti tupu. Sauti na jina vyatosha, maadamu kila mtu anapewa zamu ya kusema.

Kwa wanafunzi tunasema: msidhani kwamba kuwa na kikundi cha simu ndiko kuwa na jamii. Tumeviona vikundi vingi vilivyojaa vichekesho, matangazo ya biashara na salamu za Ijumaa, na ndani yake mtu ameuliza swali la hesabu tangu juzi hajajibiwa. Jamii ni wajibu. Aliyefahamu amfahamishe asiyefahamu, naye asiyefahamu asione haya. Palipo na wenzi wawili walio karibu, na wakutane uso kwa uso walau mara moja kwa mwezi, wakae na kitabu kimoja.

Kwa viongozi wetu Serikalini tunasema kwa heshima: tumeshukuru kwa vifaa. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwezi Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi ile, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini ripoti nyingi tunazozisikia mikutanoni huishia kwenye hesabu ya vifaa. Kiongozi husimama akasema vimetolewa vingapi, watu wakapiga makofi, wakakaa. Tunaomba swali libadilishwe. Tuulizwe walioanza ni wangapi, waliomaliza ni wangapi, na wale walioachia njiani, nani aliwafuata na walisema nini? Vituo vya walimu na majengo ya skuli, ambayo jioni hufungwa kwa kufuli, yafunguliwe kwa ratiba maalumu ili wanafunzi wa mtandaoni wapate meza, umeme na wenzi. Sheha na mwalimu mkuu wajue katika eneo lao ni nani anasoma wapi. Tulizoea kuijua hali ya kila nyumba ya shina; tutashindwaje kumjua mwanafunzi?

Tunajua litatolewa jawabu kwamba wanafunzi hawa ni watu wazima, na mtu mzima hashikwi mkono. Sisi hatukubaliani na kauli hiyo. Mtu mzima ndiye mwenye mizigo mingi zaidi, na mwenye haya nyingi zaidi ya kukiri kwamba amelemewa. Unguja ilipokaa bila ya umeme kwa miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kila mwananchi alikuwa mtu mzima, lakini hapana aliyeona fedheha kwenda kutia chaji simu kwa jirani mwenye jenereta. Waya uletao umeme ulipata hitilafu, na watu wakashikana. Na tusisahau kwamba waya wowote ule, wa umeme au wa intaneti, iko siku utakatika tena. Siku hiyo darasa lenye watu ndani yake litaendelea, na lile lenye orodha litakufa.

Tumalizie kwa yule mwalimu wetu. Miezi michache baada ya kuacha masomo alialikwa harusini katika shehia ya ng'ambo ya mlango wa bahari, mwendo wa nusu saa kwa mashua. Akiwa jikoni na wanawake wenziwe wakipepeta mchele, alimsikia mmoja akieleza jinsi alivyoacha masomo ya stashahada kwa simu kwa kuwa hakuwa na wa kumuuliza. Walipoulizana wakajikuta walikuwa darasa moja, mwaka mmoja, na mhadhiri mmoja. Majina yao yalikuwa katika orodha ile ile ya watu hamsini, na mashua waliyokuwa wakipanda kwenda sokoni ilikuwa ile ile moja. Chuo kilikuwa na anwani zao wote wawili tangu siku ya kwanza.

Wamejiandikisha upya, wote wawili. Kila Jumamosi isiyo ya bamvua mmoja humvukia mwenziwe, wakakaa ukumbini na simu moja katikati yao, na kifurushi wakachangia. Hapana aliyewapangia hivyo. Wamejipangia wenyewe kwa bahati ya harusi. Tunawatakia kheri na ushindi. Lakini elimu ya wananchi haifai kutegemea bahati ya harusi, na wenye dhamana ya kuipanga wanajijua.